Chumba cha chini kilichokwama chaweza kuwa ukumbi wa burudani bila kufilisi familia

WAKAZI wengi wa vijijini nchini Kenya hujenga nyumba zao kidogo kidogo. Msingi huchimbwa mwaka huu, kuta huinuliwa mwaka ujao, na paa huwekwa mavuno yakiwa mazuri. Karo ya shule, ugonjwa au bei duni ya mahindi ikitokea katikati, sehemu fulani ya nyumba huachwa jinsi ilivyo, na aghalabu hukaa hivyo kwa miaka.

Katika eneo la Sugoi, eneo bunge la Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu, sehemu inayoachwa mara nyingi ni chumba cha chini pale nyumba inapojengwa kwenye mteremko. Fundi huinua ukuta wa upande wa bondeni ili sakafu ya nyumba iwe sawa, na chini yake hubaki nafasi tupu. Humo huishia majembe yaliyovunjika, magunia, mbolea na kuku wanaotaga.

Sugoi ilianza kutajwa zaidi kote nchini mwaka 2022, William Ruto mwenye makazi huko alipochaguliwa kuwa rais. Lakini kwa wakazi wake, hiki ni kijiji cha wakulima wa mahindi na maziwa. Jioni vijana wake huenda vituo vya biashara kutafuta mahali pa kutazama kandanda na riadha, na kurejea nyumbani usiku wa manane.

Ndiyo maana baadhi ya wazazi huona heri burudani iwe nyumbani. Swali ni iwapo chumba kile kilichokwama kinaweza kugeuzwa kuwa ukumbi mdogo wa kupendeza bila kugusa pesa za karo. Jibu ni ndiyo, mradi kazi ifuate utaratibu na mwenye nyumba ajue pa kubana matumizi na mahali ambapo kubana ni kuhatarisha maisha.

Somo la mashimo ya Sirikwa

Kujenga chini ya usawa wa ardhi si jambo jipya katika nyanda hizi. Kotekote katika maeneo ya juu ya magharibi mwa Kenya kuna mashimo ya mviringo ambayo masimulizi ya Wakalenjin huyahusisha na watu walioitwa Wasirikwa.

Wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo John Sutton aliyeyachunguza kuanzia miaka ya 1960, walionyesha kwamba mashimo hayo yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyozama ardhini, yenye nyumba za watu kando yake. Yalichimbwa kwenye miteremko, na lango likawekwa upande wa chini.

Kwa njia hiyo maji na tope vilitoka vyenyewe kupitia langoni badala ya kutuama ndani. Kanuni hiyo haijabadilika. Chumba cha chini chenye mlango upande wa bondeni kina heri kuliko kile kinachoshukiwa kwa ngazi kutoka upande wa juu, kwani cha pili hugeuka kisima mvua kubwa inaponyesha.

Adui wa kwanza ni maji

Uasin Gishu hupata mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka katika sehemu kubwa ya kaunti, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha kati ya Aprili na Septemba. Familia inayopaka rangi na kununua viti kabla ya kuzuia maji hujikuta ikifanya kazi hiyo mara mbili.

Uchunguzi wenyewe hauna gharama. Kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita hubandikwa ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, na kingine hubandikwa sakafuni. Vipande hivyo huachwa kwa siku mbili kisha hukaguliwa.

Iwapo maji yameshika upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ardhini na hapana budi uzuiwe kutoka nje. Iwapo maji yako upande unaotazama chumba, ni hewa ya ndani yenye unyevu inayogusa ukuta baridi. Hapo dawa ni kupitisha hewa zaidi.

Mara nyingi chanzo cha maji huwa paa la nyumba yenyewe. Paa lenye ukubwa wa mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 20 za mvua humwaga lita 2,000 za maji. Yasipokingwa, maji hayo yote huanguka kando ya msingi na kupenya hadi chumba cha chini.

Kwa hivyo matumizi ya kwanza yawe mifereji ya paa na bomba la kupeleka maji kwenye tangi au mbali na nyumba. Tangi hilo humfaidi mwenye nyumba pia wakati wa kiangazi, hivyo pesa hizo hazitakuwa za burudani pekee.

Hatua ya pili ni mtaro upande wa juu wa nyumba. Mtaro huo huchimbwa sambamba na ukuta, ukashuka angalau sentimita moja kwa kila mita, kisha ukajazwa mawe madogo ili maji yapite bila kusimama. Familia inaweza kuuchimba yenyewe. Kitakachonunuliwa ni kokoto, na pengine bomba lenye matundu.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Mtaro usichimbwe chini zaidi ya msingi wala kuugusa. Vivyo hivyo, mwenye chumba chenye dari fupi asishawishike kuchimba sakafu karibu na kuta ili apate kimo. Udongo unaotolewa hapo ndio unaobeba nyumba.

Nguzo zisikatwe na ukuta usitobolewe dirisha kubwa kabla ya mhandisi au fundi aliyesajiliwa kukagua. Wakenya hawajasahau jengo la ghorofa lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, mnamo Aprili 2016 na kuua makumi ya watu. Nyumba ya kijijini ni ndogo, lakini kanuni za uzito ni zile zile.

Sakafu na kuta

Kwa kuwa bei ya vifaa hubadilika kila msimu, ni bora kukadiria gharama kwa vipimo. Mwenye nyumba akishajua anahitaji vifaa kiasi gani, atauliza bei katika maduka mawili au matatu ya vifaa vya ujenzi mjini Eldoret au Turbo, kisha azidishe.

Tuchukue mfano wa chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.4. Sakafu yake ni mita 20 za mraba.

Sakafu njema huanza na mawe yaliyoshindiliwa, unene wa sentimita 15 hivi. Juu yake hutandikwa nailoni nzito ya ujenzi, kisha zege ya sentimita 7.5. Nailoni hiyo ndiyo inayozuia unyevu kupanda, na fundi anayeiruka ili kuokoa pesa humtia mwenye nyumba hasara kubwa baadaye.

Zege ya sakafu hiyo ni mita 1.5 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa sehemu moja ya simiti, mbili za mchanga na nne za kokoto, itahitaji takriban mifuko 10 ya simiti ya kilo 50.

Kuta nne, baada ya kuondoa mlango na madirisha, zina eneo la mita 40 za mraba hivi. Plasta yenye unene wa milimita 12, kwa sehemu moja ya simiti na nne za mchanga, itachukua mifuko minne hadi mitano. Kwa jumla, chumba kizima kinahitaji takriban mifuko 15 ya simiti.

Plasta na zege vinywe maji kwa muda wa siku saba, na rangi isubiri takriban mwezi mmoja ili ukuta ukauke. Wanaoharakisha kupaka rangi huiona ikibanduka kama ganda la kitunguu kabla ya mwaka kuisha.

Lita moja ya rangi hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mpako mmoja. Kuta za chumba hicho zitahitaji lita 8 kwa mipako miwili. Asiyejiweza anaweza kutumia chokaa, ambayo ni nafuu, huangaza chumba na huuacha ukuta upumue. Upungufu wake ni kwamba huchafua nguo za anayeegemea ukuta.

Dari haina haja ya mbao za kifahari. Ikiwa juu kuna zege, inatosha kuipaka rangi. Akiba inayopatikana hapo itafaa zaidi kwenye umeme.

Mada inayotoka nyumbani

Ukumbi wa burudani hupendeza zaidi ukiwa na mada moja inayounganisha rangi, picha na viti. Wengine huiga kumbi za sinema za ng'ambo, jambo linalogharimu pesa nyingi na kuonekana geni. Kwa familia ya Uasin Gishu, mada iko mlangoni, nayo ni riadha.

Sakafu ya simiti iliyotiwa rangi nyekundu ni jambo la kawaida katika nyumba za Kenya, na ndiyo rangi ya viwanja vingi vya mbio. Kinachobaki ni kuchora mistari myeupe. Upana wa njia moja ya uwanja wa riadha ni mita 1.22, hivyo chumba cha upana wa mita 4 hutosha njia tatu za vipimo halisi na nafasi ndogo kubaki.

Kazi hiyo huhitaji kamba, chaki na kopo dogo la rangi nyeupe. Watoto wanaweza kuifanya kwa siku moja, nao hujifunza kupima.

Ukutani panaweza kuchorwa mstari wa miaka. Uanze 1968, Kipchoge Keino aliposhinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mjini Mexico City, mji ulio juu kutoka usawa wa bahari kama zilivyo nyanda alikozaliwa. Ufuate mwaka 2008, Pamela Jelimo alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya Olimpiki, katika mita 800 mjini Beijing.

Mwaka 2012 uwe wa David Rudisha na dakika 1:40.91 alizotumia kushinda mita 800 mjini London. Mwaka 2023 uwe wa Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35 mjini Chicago, miezi michache kabla ya kufariki katika ajali ya barabarani mnamo Februari 2024. Mwaka 2025 uwe wa Faith Kipyegon, aliyekimbia mita 1,500 kwa dakika 3:48.68 mjini Eugene, Marekani.

Mwaka 2019 una nafasi yake ya pekee. Oktoba 12 mwaka huo, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1:59:40, huku mashabiki mjini Eldoret wakitazama kwenye skrini kubwa. Muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu ya jinsi mbio hizo zilivyoandaliwa, lakini hakuna aliyeutazama ambaye ameusahau.

Kwa kasi ile, Kipchoge angevuka chumba cha mita 5 kwa muda usiofika sekunde moja. Maneno kama hayo yakiandikwa sakafuni kwenye mstari wa mwisho, mgeni hacheki tu bali huanza kufanya hesabu.

Picha za kutundika si lazima zinunuliwe. Kubandika magazeti ukutani ni desturi ya siku nyingi katika nyumba za mashambani. Tofauti ni kwamba katika chumba cha chini karatasi ikigusa ukuta huota ukungu. Ni heri kurasa hizo zibandikwe kwenye ubao mwembamba, nao utundikwe ukiwa umeachana na ukuta kwa sentimita mbili ili hewa ipite nyuma yake.

Viti, skrini na sauti

Viti ndivyo vinavyomeza pesa nyingi bila sababu. Uasin Gishu ni kaunti ya mikaratusi na misaipresi, na viwanda vya kupasua mbao huuza mabanzi kwa bei ndogo. Fundi wa kijijini anaweza kuyageuza kuwa jukwaa la safu mbili, safu ya nyuma ikiwa juu kwa sentimita 30 ili anayekaa nyuma asizuiwe na kichwa cha aliye mbele.

Magodoro ya zamani hukatwa na kushonewa vitambaa, yakawa mito ya kukalia. Kujaza magunia kwa maganda makavu ya mahindi, kama wengine wanavyofanya, hakufai. Maganda huita panya, na cheche moja hutosha kuyawasha.

Kwa runinga ya inchi 43, watazamaji wakae umbali wa mita 1.6 hadi 2.7. Katika chumba cha mita 5, safu zote mbili hutoshea ndani ya umbali huo. Hakuna haja ya kukopa ili kununua runinga ya inchi 65 kwa chumba hicho.

Anayependa picha kubwa anaweza kutafuta projekta iliyotumika. Chombo hicho hakionyeshi vizuri penye mwanga, hivyo giza la chumba cha chini, ambalo lilikuwa kasoro, hugeuka faida. Ukuta mmoja uliolainishwa na kupakwa rangi nyeupe isiyong'aa hutosha kuwa skrini.

Tangu Kenya ilipohama kutoka mfumo wa analogi mwaka 2015, kila runinga huhitaji king'amuzi, kiwe cha ndani yake au cha kando. Kwa nyumba iliyo na chumba chini ya ardhi, antena ifungwe juu ya paa na waya ushushwe, kwani mawimbi hayapenyi vyema kuta za mawe na udongo.

Kuhusu sauti, wengi huamini kwamba trei za mayai zikibandikwa ukutani huzuia kelele. Hilo si kweli. Hupunguza mwangwi kidogo tu, haziwazuii majirani kusikia, na huwaka moto upesi mno. Mapazia mazito, mikeka, mablanketi ya zamani na rafu ya vitabu hupunguza mwangwi vizuri zaidi. Kelele za kutoka nje huzuiwa na mlango mzito usio na mianya.

Burudani si lazima iwe ya umeme pekee. Ubao wa drafti huchorwa kwenye kipande cha mbao na vifuniko vya soda vikawa kete. Bao, karata na vishale hugharimu kidogo, na usiku stima zinapopotea, ndivyo vinavyobaki.

Umeme usifanyiwe mzaha

Runinga ya inchi 43, spika za kawaida, king'amuzi na taa nne za LED, kwa pamoja hutumia chini ya wati 200. Vikiwaka saa tatu kila siku kwa siku 30, hula takriban yuniti 18 kwa mwezi. Mwenye nyumba anaweza kuzidisha kwa bei ya yuniti moja na kujua mzigo wake kabla ya kuanza.

Hita ya umeme ya wati 2,000, kwa upande mwingine, hula yuniti 2 kwa saa moja tu. Hizo ni nyingi kuliko zinazotumiwa na ukumbi mzima kwa siku tatu.

Nyaya zipitishwe ndani ya mabomba ya plastiki, soketi ziwekwe juu ya kiwango ambacho maji yanaweza kufika, na laini ya chumba hicho iwe na swichi yake ya kujikata hitilafu inapotokea. Unyevu na umeme wa volti 240 ni mauti.

Kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme aliye na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Kuunganisha waya kutoka jikoni kwa jirani anayejua jua kidogo ni akiba ambayo huenda ikalipwa kwa nyumba nzima.

Hatari isiyo na harufu

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa nyanda hizi ni wa baridi kali. Katika nyumba nyingi, baridi inapozidi, jiko la makaa huingizwa ndani. Katika chumba cha chini, desturi hiyo inaweza kuua familia nzima mbele ya runinga.

Makaa yanayoungua penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, mtu akaanza kuumwa kichwa, akahisi kizunguzungu na usingizi. Wengi huudhania usingizi huo kuwa uchovu wa siku, na hawaamki tena.

Jenereta ya petroli hutoa gesi hiyo hiyo, kwa wingi zaidi. Jiko na jenereta visiingizwe kamwe katika chumba hicho, wala visiwekwe karibu na mlango au dirisha lake. Baridi ikabiliwe kwa mablanketi, mazulia na pazia zito mlangoni. Kifaa cha kutambua gesi hiyo kikipatikana, ni heri kukosa spika moja kuliko kukikosa.

Hewa ipewe njia mbili, moja chini katika ukuta mmoja na nyingine juu katika ukuta unaoelekea. Hewa baridi huingia chini, ya joto ikatoka juu, hata mlango ukiwa umefungwa. Matundu hayo yafunikwe kwa wavu wa kuzuia panya na nyoka, lakini yasizibwe.

Mlango ufunguke kuelekea nje, na dirisha moja liwe pana kiasi cha mtu mzima kupita, bila vyuma visivyofunguka kutoka ndani. Watu 12 wakiwa chumbani na moto ukazuka, njia moja haitoshi.

Kadhalika, chumba kilichokuwa ghala kisafishwe kabisa. Tembe za kufukizia nafaka hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua binadamu kama inavyoua dumuzi. Familia isiyo na ghala jingine isihifadhi mahindi yaliyofukizwa katika chumba kinachopakana na ukumbi. Kama mahindi hayana pa kwenda, burudani ingoje.

Burudani ikigeuka biashara

Ukumbi ukishapendeza, majirani watakuja, na wazo la kutoza kiingilio halitakawia. Hapo sheria hubadilika.

Kuonyesha filamu kwa umma kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayosimamiwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Nchini (KFCB). Mwenye ukumbi hutakiwa kuzingatia daraja za umri, zikiwemo za miaka 16 na 18, na mtoto anayeingia filamu ya watu wazima humtia matatani mwenye ukumbi.

Vifurushi vya nyumbani vya televisheni za kulipia, kwa kawaida, haviruhusu kuonyesha mechi kwa malipo. Muziki unaochezwa kwa biashara nao una haki zake chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Kubadilisha makao kuwa biashara kunahitaji pia idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA), huweka kiwango cha chini zaidi usiku kuliko mchana.

Mzazi aliyejenga ukumbi ili kuwaepusha vijana na vituo vya usiku atafakari pia iwapo anataka kuvileta vituo hivyo chini ya chumba chake cha kulala.

Pesa zifuate msimu

Mkulima wa Uasin Gishu hupanda mahindi karibu na Aprili na kuvuna kuanzia Oktoba. Pesa huingia mwishoni mwa mwaka, wakati huo huo karo ya Januari inapobisha hodi, na mbolea ya msimu mpya haiko mbali. Mradi wa burudani usioheshimu kalenda hiyo ndio unaoleta ugomvi nyumbani.

Kazi igawanywe katika hatua nne, kila moja ikiwa na manufaa hata kama ya pili haitafuata. Ya kwanza ni mifereji na mtaro, ambayo huokoa msingi wa nyumba. Ya pili ni sakafu, plasta na matundu ya hewa, na chumba hapo hufaa hata kwa watoto kusomea. Ya tatu ni umeme. Ya nne ni rangi, viti na runinga.

Hatua mbili za kwanza zifanywe kati ya Desemba na Machi mapema, wakati wa ukavu, ambapo udongo huchimbika na simiti hukauka vyema. Mvua ya Aprili hadi Septemba iwe mtihani. Chumba kikipita miezi hiyo bila kulowa, hatua ya tatu na ya nne zitangoja mavuno yanayofuata, na pesa hazitakuwa zimemwagwa majini.

Wengi huanza na hatua ya nne kwa sababu runinga ndiyo inayoonekana na mifereji haionekani. Baada ya msimu mmoja wa mvua, runinga hurudishwa sebuleni, na chumba cha chini hurudi kwa kuku.

Wanaoanza na maji husubiri muda mrefu zaidi, lakini chumba chao hubaki. Siku mwanariadha mwingine wa nyanda hizi atakaposimama kwenye mstari wa kuanzia ughaibuni, watoto wao hawatahitaji kutembea gizani kumtazama, na mama yao atajua waliko.